Wewe Dhidi ya Wewe: Sehemu ya Saba ya Kesi ya Dirisha

Haya, sogeeni. Wiki iliyopita tulimwacha Mama Pindo ameitolea macho simu iliyoegemezwa kwenye koni ya uzi mweusi, na maandishi mekundu yakiwakawaka juu ya kioo. Yalikuwa yanasema nini, yeye hakujua. Aliyeyasoma ni wifi yake, Zipu, ambaye ndiye aliyeshtakiwa.

"Kesi itafutwa baada ya dakika kumi," Zipu alisoma. "Mlalamikaji na mlalamikiwa ni mtu mmoja."

Kwa mliokuwa safarini, habari ni fupi. Mama Pindo na Zipu ni mafundi cherehani, wanashona chumba kimoja. Mama Pindo alipewa jina hilo kwa sababu pindo alilopiga yeye halijawahi kufumuka. Zipu alipewa lake kwa sababu ya mdomo: hufunguka haraka, na ukikwama haufunguki tena hata kwa mafuta. Zipu ni dada wa mume wa Mama Pindo, na mume mwenyewe ni Kinyozi, anayenyoa chumba cha pili, nyuma ya pazia.

Chumba cha mafundi kina dirisha moja linalotazama barabara. Kwa miaka kumi na minne cherehani ya Mama Pindo ilikaa dirishani. Miezi miwili iliyopita alitoka kwenda kununua vifungo, akarudi akakuta yake imesukumwa pembeni chini ya rafu, na ya Zipu imejaa tele penye mwanga. Alipouliza, Zipu alikwama. Wakanuniana wiki ya kwanza, wakarushiana maneno wiki ya pili, na wiki ya tatu Mama Pindo akaenda kushtaki.

Siku hizi kesi za majirani na za ndugu husikilizwa kwa simu, kila mtu akiwa kwake, maana waliokuwa wakisubiri kwenye korido ya mahakama walikuwa wanaanza upya ugomvi ule ule uliowaleta. Karani alimwomba Mama Pindo namba ya simu yenye kamera. Simu yake yeye ni ya vitufe. Basi akataja namba ya Zipu, kama alivyoitaja kwa kila mteja miaka yote, kwa kuwa ndiyo simu ya chumba. Hakuona ubaya wowote. Amemshtaki wifi yake kwa simu ya wifi yake, na wito ulipoingia, ni Zipu aliyemsomea, kisha akaichomeka simu kwenye chaji ili siku ya kesi isije ikazima.

Ndiyo sababu mfumo wa mahakama umeona namba moja na kuamua kwamba ni mtu mmoja amejishtaki. Juu ya kioo kesi imeandikwa jina lake kwa herufi kubwa: WEWE DHIDI YA WEWE.

Na lipo jambo moja tunalolijua sisi na Mama Pindo tu. Macho yake yameingia ukungu. Yalianza miezi sita iliyopita, polepole, na mwanga wa dirishani ndio uliokuwa unamsitiri. Hajamwambia mume, hajamwambia wifi, hajamwambia mtu. Fundi asiyeona ana kazi gani? Kesi ikifutwa haifunguliwi tena mpaka mwaka uishe, na mwaka mzima chini ya rafu ni mwisho wake.

Sasa tuendelee.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani, vipokea sauti vimemkaa kichwani vizuri kabisa. Alisoma maandishi yale mekundu upande wake, akashusha pumzi. Akawaeleza kwamba mfumo unahesabu namba, hauhesabu watu, na yeye hana kitufe cha kubishana nao. Njia ni moja. Kila mmoja aoneshe uso, ageuke kushoto na kulia, apepese macho mara mbili, kisha asome kiapo kwa sauti kama kinavyoonekana kwenye kioo. Mfumo ukipata nyuso mbili na sauti mbili, utawatenganisha.

Zipu alianza. Aligeuka, akapepesa, akasoma kiapo chote kwa pumzi moja, na alama ya kijani ikatokea. Ilimchukua muda mfupi kuliko kukata uzi kwa meno.

Zamu ya Mama Pindo ikafika. Kugeuka aligeuka vizuri, na macho yale kwa kupepesa yalikuwa bado hodari. Kisha kiapo kikatokea, na kwake yeye kilikuwa mistari ya sisimizi.

Alisema kioo kinamulika sana. Zipu akapunguza mwanga. Alisema sasa kimefifia. Zipu akaurudisha. Alisema simu iko karibu mno, mtu mzima hasomi kitu kikiwa kimembandika puani. Kinyozi akaitwa kutoka nyuma ya pazia aje kuishika, akamwacha mteja wake kwenye kiti amenyolewa upande mmoja.

Akarudi hatua moja nyuma. Mkewe akamwambia aongeze. Akarudi hatua mbili, akafika mlangoni, akatoka nje, akavuka mtaro, akasimama upande wa pili wa barabara ameinua simu juu kwa mikono miwili. Mpita njia mmoja alidhani anapigwa picha, akatengeneza kola.

"Naomba kufahamu," sauti ya hakimu ilisikika barabarani, "kwa nini mlalamikaji sasa ni mdogo kama kifungo cha shati."

Kinyozi akaitwa arudi. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Mama Pindo alikaa kwenye stuli yake, akiwaza namna ya kuzimia kwa heshima. Hapo ndipo aliposikia kitu kikijikunja nyuma yake, chini ya meza ya kukatia, na pumzi ya mtu kwenye kiwiko chake.

"Naapa kwamba nitakayosema," ilinong'ona sauti ya Zipu.

Mama Pindo akakaza macho kwenye simu kama msomaji wa taarifa ya habari. "Naapa kwamba nitakayosema," alisema.

"Mbele ya mahakama hii ni kweli tupu."

"Mbele ya mahakama hii ni kweli tupu."

"Wala sitaficha neno lolote."

"Wala sitaficha neno lolote."

"Toa kisigino, umekanyaga vidole vyangu."

"Toa kisigino," Mama Pindo alitangaza kwa sauti ya kujiamini, "umekanyaga vidole vyangu."

Hakimu aliinua nyusi. Mfumo ukafikiri kidogo, ukaridhika, ukatoa alama ya kijani. Maandishi mekundu yakaondoka. Jina la kesi likabaki lile lile, kwa sababu, kama hakimu alivyoeleza, kulibadilisha ni mpaka barua iandikwe.

Zipu alitoka chini ya meza amejaa vipande vya nyuzi kichwani, akakaa mahali pake bila kumtazama mtu. Mama Pindo akabaki anajiuliza. Mtu unayemshtaki anakusaidiaje kuapa? Akajipa jibu kwamba ni ujanja, kikulacho ki nguoni mwako. Halafu likamjia wazo baya zaidi, kwamba wifi anajua. Akalifukuza haraka. Labda anadhani sijui kusoma, alijiambia, na akajifariji nalo.

Kesi ikaanza kusikilizwa kwa kweli. Hakimu alimuuliza Mama Pindo analitakia nini dirisha. Akajibu, upepo. Hakimu akataka kujua kama chumbani hakuna feni, na wakati huohuo feni iliyokuwa juu ya kichwa cha Mama Pindo ikampeperushia kipande cha kitambaa usoni. Akabadilisha, akasema ni suala la heshima, yeye ni mke wa kaka, mkubwa wa chumba. Hakimu akasema amesoma sheria miaka mingi na hajawahi kukutana na dirisha la heshima.

Akamgeukia Zipu. Yeye alilichukulia nini? Zipu akatazama chini, akasema anapenda kuona watu wanavyopita.

"Watu wazima wawili," alisema hakimu, "wamenitoa kwenye kesi ya kisima kuja kuniambia upepo na wapita njia."

Akaamuru ukaguzi. Zamani hakimu angefunga safari na karani wake mpaka eneo la mgogoro, sasa eneo la mgogoro hubebwa mkononi. Kinyozi akapewa simu azunguke nayo chumbani, polepole, bila maelezo yake binafsi.

Alianza vibaya. Alizoea kugeukia kulia, akapita pazia, na hakimu akajikuta ndani ya chumba cha kunyolea, uso kwa uso na mteja aliyeachwa kwenye kiti. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa unang'aa, upande wa pili una nywele zake zote. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Nusu, nasi tutamwita hivyo hivyo.

Nusu akamwamkia shikamoo kwa adabu, shuka likiwa shingoni. Hakimu akaitikia marahaba, akamuuliza yeye ni nani katika kesi hii.

"Mimi ni shahidi namba kumi na saba, mheshimiwa."

Hapo ikabidi Mama Pindo aeleze. Karani alimwambia alete namba za watu wanaojua kwamba siku zote alikaa dirishani. Yeye akaenda na daftari lake la vipimo, akampa karani anakili wateja wote, mmoja baada ya mwingine, ukurasa kwa ukurasa. Walifika arobaini na watatu. Hakimu aliuliza kama daftari lingekuwa nene zaidi ingekuwaje. Kisha akaomba arudishwe chumba cha mafundi.

Kinyozi akamulika dirisha. Akamulika rafu, penye vitambaa vya arusi vya watu kumi na wawili vilivyosubiri kushonwa, kazi kubwa kuliko zote mwaka ule, aliyoileta mama mzazi wa bwana arusi, ambaye mtaa unamwita Mama Bwana Arusi. Akamulika cherehani ya mkewe kule gizani, na meza yake, na mto wake wa sindano.

"Hapo," alisema hakimu. "Simama. Sogeza karibu."

Kwenye mto ule zilichomekwa sindano ishirini na nne kwa mistari. Kila moja ilikuwa imeshatungwa uzi, kuanzia mweupe, zikapita njano na nyekundu na bluu, zikaishia mweusi. Nyuzi zote zilikatwa kwa urefu mmoja na kufungwa fundo.

Hakimu alivaa miwani yake. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. Alisema mama yake mzazi alikuwa fundi. Kwa miaka yote fundi hutunga sindano pale anapoihitaji, hatungi ishirini na nne kwa pamoja. Mama yake alianza kuwekewa sindano zilizotungwa uzeeni, na aliyekuwa akizitunga kila siku ni yeye, hakimu, alipokuwa msichana.

"Hizi anazitunga nani?" aliuliza.

Mama Pindo aliona siri yake imekaribiwa. Lakini swali lilikuwa na jibu, tena jibu la kujivunia. Kila asubuhi kwa miezi minne amekuwa akikuta sindano tayari, na hakuhitaji kuambiwa ni nani. Mwanamume anayejua shida ya mkewe na hasemi, anafanya tu. Kila asubuhi amemlipa kwa kumpa kikombe cha kwanza cha chai, chenye sukari ya kuzidi.

"Mume wangu," alijibu.

Kinyozi alimtazama mkewe, akaitazama simu, akamtazama tena mkewe.

"Mke wangu," alisema, "mimi hata kamba za viatu unanipitishia wewe."

"Na chai?"

"Chai nilidhani ni mapenzi."

Nje ilipita baiskeli, ikasikika mpaka ilipoishia. Mama Pindo aligeuza kichwa taratibu kuelekea dirishani, na pale penye mwanga, hata kwa macho yake yale, aliona kwamba Zipu amejiinamia na anachezea bobini ya uzi mkononi.

Hakimu akamkumbusha Zipu kwamba ameapa. Zipu akakwama. Akamkumbusha mara ya pili. Kinyozi akamwambia, dada, sema. Siri ya mtungi aijuaye kata, na hapa kata ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.

"Ni mimi," alisema Zipu. "Nazitunga kila siku kabla sijafunga mlango. Tangu aliposhona suruali ya huyo aliye nyuma ya pazia, mguu mmoja akauziba chini kama mfuko."

"Ni kweli, mheshimiwa," ilisikika sauti ya Nusu. "Nilidhani ni mtindo mpya."

Zipu sasa alikuwa amefunguka, na mnajua akifunguka. Alisema dirishani kila mpita njia alikuwa anamwona Mama Pindo akikipapasa kitambaa, anainama mpaka pua inakaribia sindano. Watu walianza kusimama. Siku moja alisimama Mama Bwana Arusi, akatazama, akamwambia mwenzake kwamba kama kweli haoni, basi fundi asiyeona ni sawa na kinyozi anayetetemeka. Mama Pindo hakusikia, alikuwa anakanyaga cherehani. Zipu alisikia. Kesho yake wifi alipokwenda kununua vifungo, Zipu akaisukuma cherehani ya wifi gizani.

"Nikaona heri anichukie mimi," alisema, "kuliko mtaa umcheke yeye."

"Ungemwambia tu," alisema hakimu.

"Ningemwambiaje, mheshimiwa? Yeye mwenyewe hajaniambia."

Mama Pindo alitaka kukasirika. Alikuwa na hasira ya miezi miwili, safi, haijatumika hata nusu, na sasa haikuwa na mahali pa kwenda. Akaona aibu kwa yale aliyomsema Zipu kwa majirani. Akahesabu jioni mia moja na zaidi ambazo mtu huyu alikaa kutunga nyuzi huku asubuhi akinuniwa. Machozi yakamjia, na macho yake yalikuwa mabaya vya kutosha bila machozi.

"Kwa hiyo umeninyima mwanga," alisema, "ili nisionekane kwamba sioni."

"Ndiyo, wifi."

"Zipu, una akili wewe?"

"Sijui, wifi. Niliwaza kwa haraka."

Kwenye simu hakimu alikuwa amevua miwani na anaifuta. Akasema mgogoro ameuelewa na uamuzi anao. Mfumo umempa vitufe viwili tu, alisema, mlalamikaji na mlalamikiwa, na amekwisha bonyeza. Akafungua mdomo kusema ni kipi.

Mtandao ukakata. Hakimu akaganda kwenye kioo, mdomo wazi, kidole kimoja juu.

Wote watatu waliinamia simu. Hakimu hakusogea. Badala yake simu ikatoa mlio, ukaingia ujumbe, na Zipu akausoma. "Hongera. Umeshinda kesi yako." Kabla hawajamaliza kutazamana, ikalia tena. "Pole. Umeshindwa kesi yako."

Namba moja, watu wawili, na hakuna ujumbe uliosema wa nani.

Zipu akasema bila shaka hongera ni ya mlalamikaji, maana ndiyo iliyotangulia, na mlalamikaji hutangulia. Mama Pindo akasema hongera ni ya mwenye simu. Zipu akasema lichukue dirisha, wifi. Mama Pindo akasema hataki dirisha la kuhurumiwa, na kwamba ameshindwa kihalali, aachwe ashindwe. Zipu akasema hawezi kumwibia mtu ushindi wake. Wakabishana hivyo, kila mmoja akishikilia kwamba mwenzake ndiye mshindi, kwa sauti ile ile ya miezi miwili iliyopita. Kinyozi akauliza kama cherehani mbili haziwezi kukaa pamoja dirishani. Wakamwambia kwa pamoja anyamaze, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu vifungo vile vinunuliwe.

Ndipo simu ya Nusu ilipolia nyuma ya pazia.

Halafu ikalia nyingine, ya muuza viatu ng'ambo ya barabara. Ikalia ya tatu, juu, ghorofani. Ikalia kwenye duka la vyombo, na kwenye kibanda cha fundi redio zikalia mbili kwa mpigo. Mlio ule ule mmoja ulitembea barabara nzima.

Nusu alitoka nyuma ya pazia na shuka lake, simu mkononi, akasoma bila kuombwa.

"Ndugu shahidi. Muhtasari wa kikao. Imebainika kwamba mlalamikaji, fundi cherehani, haoni vizuri. Mlalamikiwa amekuwa akimtungia sindano. Mahakama inakushukuru kwa ushirikiano."

Alichokificha Mama Pindo kwa mume na kwa wifi kilifika kwa watu arobaini na watatu kabla Nusu hajamaliza kusoma. Na daftari alilipeleka yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Maji yakimwagika hayazoleki. Alitazama ile rafu, akaviona kichwani mwake vile vitambaa vya watu kumi na wawili vikichukuliwa kimoja kimoja na wenyewe, na jina lake likifumuka kama pindo la fundi mwingine.

Zipu alikuwa ameshakimbilia dirishani kufunga mbao. Alishasukuma moja.

"Acha," alisema Mama Pindo.

"Wifi, wanakuja. Nawaona kutoka hapa."

"Hata mimi nawaona. Ni wale wanaosogea." Akainuka, akaishika cherehani yake upande mmoja, ikamshinda. "Njoo ushike huku. Kama ni kuchekwa, nichekwe nikiwa kazini."

Zipu akaja akashika upande wa pili. Waliibeba pamoja, wakaiweka dirishani, ubavu kwa ubavu na ile nyingine. Zilienea. Kinyozi alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Simu nayo ikasogezwa kizingitini mwa dirisha, hakimu akiwa bado ameganda na kidole chake.

Mama Pindo akaifungua ile mbao iliyosukumwa, akakaa. Mwanga ukamwagika juu ya mikono yake. Alikuwa ameukosa mwanga ule kuliko alivyowahi kumkosa mtu, na kwa muda mfupi hakujali nani anakuja.

Walikuwa wengi. Mbele kabisa alikuwa Mama Bwana Arusi, simu imeinuliwa kama tiketi. Alivaa gauni la bluu, lile lililosifiwa mtaa mzima mwezi uliopita, refu mpaka kwenye vifundo vya miguu, na pindo lake lilicheza vizuri kwa kila hatua. Alifika dirishani, watu wakasimama nyuma yake.

"Fundi, nimesoma mpaka mwisho," alisema. "Mimi si mtu wa maneno mengi. Hili gauni nililovaa, ulilishona kabla ya macho, au baada?"

Lilikuwa swali dogo, na jibu la kuokoa kila kitu lilikuwa neno moja. Kabla. Nani angejua? Zipu alimgusa goti chini ya cherehani. Hata Kinyozi alitikisa kichwa kumwashiria, kabla, kabla. Mama Pindo akavuta pumzi kulitoa.

Simu kizingitini ikawaka.

"Kikao kimerejea," ilisema sauti ya mfumo, taratibu, mpaka wa nyuma wakasikia. "Unakumbushwa kwamba bado uko chini ya kiapo."

Hakimu kwenye kioo akafunga mdomo, akashusha kidole, akaona umati mzima umemkodolea macho.

Mama Pindo aliitazama ile bluu iliyosimama mbele yake. Sura ya mwenye gauni hakuiona vizuri, lakini gauni alilijua kwa vidole, kila kona.

"Baada," alisema.

Mtu mmoja nyuma akaguna.

"Pindo hilo nililipiga nimefumba macho," aliendelea, "maana nikifumba na nikifumbua ilikuwa ni sawa. Sindano alinitungia huyu hapa. Sikujua ni yeye. Leo najua."

Zipu akaangalia pembeni na kujifuta uso kwa kipande cha bitana. Mama Bwana Arusi aliinama pale pale barabarani, akainua upindo wa gauni, akaugeuza ndani nje, akaanza kuupitisha kati ya vidole viwili, mshono kwa mshono, kuanzia ubavuni. Umati ukamfuata kwa macho. Nusu alipanda juu ya stuli aone vizuri.

Alizunguka mbele. Akazunguka nyuma. Akakaribia kumaliza, na pale kidole chake kilipofika karibu na mahali upindo unapoungana, kikasimama. Akakirudisha nyuma kidogo, akakipitisha tena.

"Hapa," alisema.

"Msiguse kitu," alisema hakimu. "Isogezeni simu, mahakama nayo ione."